Tutajuaje Kwamba Namba ni Tasa? Funzo Litokanalo na 2,147,483,647

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la tano, karatasi ya tathmini mkononi, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha namba tasa. Somo lilikuwa limeandaliwa vizuri na sauti yake ilisikika. Alipofika mwisho aliandika ubaoni namba tasa zilizo kati ya 80 na 100: 83, 89, 91 na 97. Msichana mmoja akainua mkono, akasema, "Mwalimu, saba mara kumi na tatu ni tisini na moja." Mwanachuo akamjibu kwamba 91 haigawanyiki kwa 2, wala kwa 3, wala kwa 5, kwa hiyo ni tasa. Akamwambia aketi. Madaftari yaliposahihishwa, msichana huyo, ambaye hakuiandika 91, alipata alama ya kosa.

Baada ya kipindi tulizungumza na mwanachuo huyo, na kadiri tulivyozungumza ndivyo tulivyoona kwamba kosa halikuwa lake peke yake. Sisi wakufunzi tulikuwa tumemfundisha kanuni za kugawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 5 na kwa 10. Hatukumfundisha ni wapi mtu anayepima namba anapaswa kukoma, na kwa sababu gani. Alikoma pale kanuni alizozijua zilipokwisha.

Makala haya yana shabaha moja tu: kueleza tofauti iliyopo kati ya kusema "sijaona kigawo" na kusema "kigawo hakipo". Tutaanza na namba ndogo za darasani, kisha tutachunguza namba moja kubwa, yaani 2,147,483,647, ambayo ilithibitishwa kuwa tasa zaidi ya miaka 250 iliyopita, kwa kalamu na karatasi tu.

Maana ya namba tasa

Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, ambayo vigawo vyake ni viwili tu: 1 na namba yenyewe. Kwa hiyo 1 si tasa, kwa kuwa ina kigawo kimoja tu. Namba 2 ni tasa, nayo ndiyo namba shufwa pekee iliyo tasa.

Hapa mwalimu hana budi kuwa mwangalifu na neno lenyewe. Mwanafunzi huenda analijua neno "tasa" kutoka nyumbani, kwa maana ya asiyezaa. Akilichukua hivyo atadhani kwamba 7 haizai namba nyingine, ilhali 14, 21, 28 na vigawe vingine visivyo na mwisho vyatokana nayo. Namba tasa haikosi vigawe. Inachokosa ni vigawo vingine. Yafaa jambo hili lisemwe mapema, kabla mkanganyiko haujaota mizizi.

Wapi tukome?

Tuchukue namba 36 na tuandike vigawo vyake viwili viwili: 1 × 36, 2 × 18, 3 × 12, 4 × 9, 6 × 6. Tukiendelea tutapata 9 × 4, kisha 12 × 3, yaani jozi zile zile zilizogeuzwa. Katika kila jozi kigawo kimoja hakizidi 6. Sababu yake ni nyepesi: kama vigawo vyote viwili vingezidi 6, zao lao lingezidi 36.

Hiyo ndiyo kanuni ya kukoma. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Tukipima namba tasa zote hadi hapo bila kupata kigawo, hatuna haja ya kuendelea, na sasa twaweza kusema kwa uhakika kwamba kigawo hakipo.

Turudi kwenye 91. Tisa mara tisa ni 81, na kumi mara kumi ni 100. Basi tupime namba tasa zisizozidi 9, nazo ni 2, 3, 5 na 7. Mwanachuo wetu alipima tatu za mwanzo, akaiacha ya nne. Ile aliyoiacha ndiyo iliyokuwa na jibu. Namba 97 nayo hupimwa kwa zile zile nne. Zote zikishindwa, 97 ni tasa. Kwa namba yoyote iliyo chini ya 121 vipimo vinne vinatosha. Mwanafunzi wa darasa la tano aweza kulielewa jambo hili, na akilielewa hatahitaji kumtazama mwalimu usoni ili ajue kama jibu lake ni sahihi.

Namba kubwa moja

Tuingie sasa katika namba kubwa. Tuseme mtu aweka punje moja ya mahindi ghalani tarehe 1 Januari, punje mbili tarehe 2, nne tarehe 3, nane tarehe 4, na kila siku huweka mara mbili ya zile za jana. Mwisho wa Januari, baada ya siku 31, jumla ya punje zote ghalani itakuwa 2,147,483,647.

Namba hii huandikwa kwa ufupi 2³¹ − 1, yaani 2 ikizidishwa yenyewe mara 31, kisha tukatoa 1. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa siku chache tu: baada ya siku 3 jumla ni 1 + 2 + 4 = 7, nayo ni 8 − 1; baada ya siku 5 jumla ni 31, nayo ni 32 − 1.

Namba za aina hii zina mtego. Baada ya siku 2 jumla ni 3. Baada ya siku 3 ni 7. Baada ya siku 5 ni 31. Baada ya siku 7 ni 127. Siku hizo, yaani 2, 3, 5 na 7, ni namba tasa, na jumla zote nne pia ni tasa. Mwanafunzi mwepesi atatangaza kwamba amegundua kanuni. Mpe siku 11, ambayo pia ni tasa. Jumla ni 2,047, na 2,047 ni 23 × 89. Mifano minne mizuri haikutosha kuwa uthibitisho.

Waliokosea kabla yetu

Mtego huo haukuwanasa watoto peke yao. Pietro Cataldi wa Italia alithibitisha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa, kwa kugawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine hadi kwenye kipeuo cha pili. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1603 alisema pia kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 navyo hutoa namba tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat wa Ufaransa alionyesha kwamba 2²³ − 1 hugawanyika kwa 47, na kwamba 2³⁷ − 1 hugawanyika kwa 223. Baadaye Leonhard Euler alionyesha kwamba 2²⁹ − 1 hugawanyika kwa 233. Katika vipeo hivyo vinne Cataldi alipatia kimoja tu, yaani 31, na hata hicho alikipatia bila uthibitisho. Mwalimu na alitafakari jambo hili: jibu lisilo na sababu laweza kuwa sahihi, lakini anayelitoa hajui kwamba ni sahihi.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa aitwaye Marin Mersenne alitoa orodha ya vipeo visivyozidi 257 ambavyo, kwa maoni yake, hutoa namba tasa. Mpaka leo namba tasa za aina hii huitwa kwa jina lake. Orodha yake ilikuwa na makosa: aliziingiza 67 na 257 zisizostahili, akaziacha 61, 89 na 107 zilizostahili. Orodha nzima haikumalizika kukaguliwa mpaka mwaka 1947.

Jinsi Euler alivyoipunguza kazi

Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na sehemu kidogo. Namba tasa zisizozidi hapo ni 4,792. Mtu afuataye kanuni yetu ya darasa la tano angelazimika kugawanya mara 4,792. Kazi hiyo yawezekana, lakini ni ndefu na kosa moja lingeiharibu yote. Euler alitafuta sababu ya kuviacha vipimo vingi bila kuvifanya.

Tutazame mabaki. Tukigawanya 2, 4, 8, 16, 32 na 64 kwa 7, mabaki ni 2, 4, 1, 2, 4, 1. Mabaki yanazunguka, na kila mzunguko una hatua 3. Tukifanya hivyo kwa 23, mabaki ni 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Mzunguko una hatua 11. Fermat alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1640 kwamba, kwa namba yoyote tasa iliyo witiri, idadi ya hatua za mzunguko huo hugawanya namba hiyo iliyopunguzwa 1. Kwa 7, hatua 3 hugawanya 6. Kwa 23, hatua 11 hugawanya 22.

Sasa tuseme kuna namba tasa inayogawanya 2³¹ − 1 bila baki. Maana yake ni kwamba 2³¹ ikigawanywa kwa namba hiyo huacha baki 1, yaani hatua ya 31 ndiyo mwisho wa mzunguko. Basi idadi ya hatua za mzunguko lazima igawanye 31. Lakini 31 ni tasa; hivyo hatua ni 1 au 31. Haziwezi kuwa 1, kwa sababu hapo 2 yenyewe ingeacha baki 1, jambo lisilowezekana kwa namba yoyote tasa. Kwa hiyo hatua ni 31, na 31 hugawanya kigawo chetu kilichopunguzwa 1. Tena, kigawo hicho ni witiri, kwa hiyo kikipunguzwa 1 huwa shufwa. Basi kila kigawo tasa tunachokitafuta ni kigawe cha 62 kilichoongezwa 1.

Tujaribu njia hii kwanza kwa namba ndogo, yaani 2¹³ − 1, ambayo ni 8,191. Kipeuo chake cha pili ni 90 na sehemu kidogo. Kwa njia ya kawaida tungegawanya kwa namba tasa 24. Kwa njia hii, kigawo lazima kiwe kigawe cha 26 kilichoongezwa 1. Chini ya 90 ziko tatu tu: 27, 53 na 79, na 27 si tasa. Basi tunagawanya mara mbili tu. Kwa 53 tunapata 154 na baki 29. Kwa 79 tunapata 103 na baki 54. Kazi imekwisha: 8,191 ni tasa. Twamsihi kila mwanachuo achukue kalamu aifanye hesabu hii mwenyewe.

Kwa 2³¹ − 1, vigawe vya 62 vilivyoongezwa 1 na visivyozidi 46,340 ni 747. Euler aliongeza sababu ya pili: kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 8, lazima kiache baki 1 au 7. Masharti haya mawili yakiunganishwa, kigawo lazima kiache baki 1 au 63 kinapogawanywa kwa 248. Namba za aina hiyo zisizozidi 46,340 ni 373, na nyingi kati yake si tasa, hivyo hazihitaji kupimwa. Namba tasa ya kwanza kati yake ni 311. Tukigawanya 2,147,483,647 kwa 311 tunapata 6,905,092 na baki 35. Ndivyo Euler alivyoendelea mpaka mwisho, na hakuna hata moja iliyogawanya bila baki. Matokeo hayo aliyaeleza mwaka 1772, wakati ambapo alikuwa karibu haoni kabisa.

Kwa zaidi ya miaka 70 hapakujulikana namba tasa iliyo kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba kamili itokanayo nayo huenda isipitwe kamwe, kwa kuwa hapatatokea mtu wa kutafuta kubwa zaidi. Namba kamili ni ile iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama 28, ambayo ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Barlow alikosea. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Mwaka 2024, kwa msaada wa kompyuta, ilitangazwa namba tasa ya aina hiyo hiyo ambayo kipeo chake ni 136,279,841. Namba hiyo ina tarakimu 41,024,320. Wala hakuna mwisho, kwani Euclid alikwisha kuthibitisha zamani za kale kwamba namba tasa hazina ukomo.

Namba ya Euler yenyewe haikuachwa vitabuni. Kompyuta zinazotumia nafasi 32 za tarakimu 0 na 1, nafasi moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi, haziwezi kuhesabu kupita 2,147,483,647. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Ile inayotumia nafasi hizo 32 itafikia ukomo wake tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.

Kukanusha na kuthibitisha

Lucas huyo huyo alionyesha pia mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, ingawa hakupata vigawo vyake. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahisabati wa Marekani mjini New York. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Aliandika ubaoni thamani ya 2⁶⁷ − 1, ambayo ni 147,573,952,589,676,412,927. Kisha upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, hatua kwa hatua, mpaka majibu mawili yakalingana. Akarudi kuketi, na waliohudhuria wakampigia makofi.

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Kukanusha kwamba namba ni tasa kwahitaji zao moja tu, na zao hilo laweza kukaguliwa na yeyote ajuaye kuzidisha. Kuthibitisha kwamba namba ni tasa kwahitaji kuvijibu vigawo vyote vinavyowezekana, ama kwa kuvipima, ama kwa kutoa sababu ya kutovipima. Yule msichana wa darasa la tano alikuwa na zao moja. Hilo lilitosha kumshinda mwalimu, kitabu na ubao kwa pamoja.

Mapendekezo ya kufundishia

Kwanza, wanafunzi waanze kwa vitu. Wape vizibo vya soda au kokoto wapange mistari iliyo sawa. Vizibo 12 hupangika kwa njia kadhaa. Vizibo 13 hupangika mstari mmoja tu. Siku nyingine wape makundi vizibo 91 bila kuwaambia kitu, uone ni kundi gani litakalofikia mistari 7 ya vizibo 13.

Pili, tumia chekeche la Eratosthenes kwa namba 1 hadi 100. Baada ya kufuta vigawe vya 2, 3, 5 na 7, uliza: "Kwa nini tunakoma hapa?" Swali hili lisirukwe. Wanafunzi na waandike jozi za vigawo vya 36, kisha vya 60, mpaka waione sababu wenyewe.

Tatu, mwanafunzi asikubaliwe kuandika "97 ni tasa" peke yake. Aandike: "97 ni tasa, kwa sababu haigawanyiki kwa 2, 3, 5 wala 7, na 10 × 10 imezidi 97." Maksi zitolewe kwa sababu pamoja na jibu.

Nne, mwanafunzi akipinga jibu la ubaoni, mpe chaki. Akiwa na zao, ubao utaamua. Akiwa hana, naye atajifunza kwa nini hana.

Kwa mazoezi yenu wenyewe kabla hamjaingia darasani, pimeni 143, 221, 323 na 397. Kwa kila namba semeni mlikoma wapi, na kwa nini.

Hitimisho

Siku ya pili mwanachuo wetu alirudi katika darasa lile. Hakutoa hotuba. Aliandika 91 ubaoni, akamwita yule msichana, akampa chaki. Msichana akaandika 7 × 13, akazidisha, akapata 91. Mwanachuo akachukua daftari lake, akaifuta alama ya kosa kwa wino mwekundu na kuandika ya sahihi kando yake, darasa zima likiona. Kisha akauliza, "Sasa, 97 tutaijuaje?" Mikono mingi ikainuka.

Nasi katika karatasi ya tathmini tuliandika kwamba kipindi hicho kilikuwa bora kuliko cha jana yake. Tuliporudi chuoni tulilisahihisha andalio letu wenyewe la namba tasa, tukaongeza mstari mmoja uliokosekana: wapi tukome, na kwa sababu gani.